Shahidi wa kipimo: neno walilokosa watu wa Beni na Butembo

Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, watu wa Beni na Butembo walitafsiriwa majibu ya maabara. Hawakutafsiriwa sababu ya kuyaamini majibu hayo. Hiyo ndiyo hoja yangu, na nitaitetea mbele ya walimu wetu na wanafunzi wenzangu kwa sababu naamini deni hilo ni letu sisi watu wa lugha kabla halijawa la waganga.

Sababu ya kuamini jibu la maabara ina jina. Kwa Kifaransa cha maabara zetu huitwa témoin. Ni sampuli ambayo jibu lake linajulikana tangu mwanzo, na ambayo hupimwa ili kuonyesha kwamba kipimo chenyewe kinafanya kazi. Fundi yeyote wa maabara anaifahamu, awe Beni, Katwa au Goma. Bila hiyo, yeye mwenyewe haliamini jibu lililo mkononi mwake. Lakini mama aliyesimama nje ya uzio akisubiri habari za mtoto wake aliletewa neno moja tu, "positif" au "négatif", na akatakiwa aamini.

Tukumbuke ukubwa wa jambo lenyewe. Mlipuko ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, baada ya watu kuugua na kufa upande wa Mangina, si mbali na mji wa Beni. Ulitangazwa kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Katikati ya tarehe hizo mbili walihesabiwa wagonjwa 3,470, na kati yao 2,287 walifariki. Mwezi Septemba 2018 watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo, na takriban mmoja kati ya wanne alijibu kwamba Ebola si ya kweli. Mwezi Desemba uchaguzi uliahirishwa katika miji hiyo miwili, Ebola ikitajwa kuwa mojawapo ya sababu, na tarehe 27 waandamanaji wa Beni wakakivamia kituo cha wagonjwa. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019 Dkt. Richard Mouzoko, mtaalamu wa Shirika la Afya Duniani aliyetoka Kameruni, aliuawa kwa risasi mjini Butembo akiwa kazini hospitalini.

Sisemi kwamba neno moja la Kiswahili lingezuia risasi. Kutoaminiana kwa huko kulikuwa na mizizi mingi: vita, mauaji ya raia karibu na Beni ambayo yalianza miaka kabla ya Ebola, kura zilizoahirishwa, fedha nyingi zilizoonekana zikipita barabarani ndani ya magari makubwa. Ninachosema ni kwamba katika hali hiyo ya kushuku kila kitu, swali la kawaida kabisa la mwananchi lilikuwa hili: "Nitajuaje kwamba mashine yenu haidanganyi?" Swali hilo lina jibu zuri, la kweli, tena la kisayansi, lakini halikuwa na maneno ya kulibebea hadi mtaani.

Mizani ya sokoni

Butembo ni mji wa wafanyabiashara, na eneo la Beni ni la wakulima wa kakao. Huko hakuna anayehitaji kufundishwa kwamba mizani inaweza kudanganya. Mkulima anayeishuku mizani ya mnunuzi hufanya mambo mawili. Kwanza huitazama ikiwa tupu: mshale uko kwenye sifuri? Pili huweka juu yake kitu ambacho uzito wake anaujua, tuseme pakiti ya chumvi ya kilo moja ambayo haijafunguliwa. Mizani ikisema kilo moja, atashusha mfuko wake wa kakao. Ikisema gramu mia nane, atauinua mfuko wake na kwenda zake.

Tuangalie kwa makini kazi ya pakiti hiyo. Haisemi lolote kuhusu kakao. Inatoa habari za mizani. Na ile mizani tupu inayosoma sifuri nayo haisemi lolote kuhusu kakao. Inathibitisha tu kwamba mizani haibuni uzito usiokuwepo. Mtu aliyeelewa mambo haya mawili ameelewa msingi wa kila maabara duniani. Mkulima wa Beni ameyaelewa tangu utoto wake, wala hakuingia shule kwa ajili hiyo. Kinachokosekana ni daraja kati ya ujuzi wake na ujuzi wa fundi, na kujenga daraja la namna hiyo ni kazi ya watu wa lugha.

Lizati: mfano mgumu

Ili nisionekane nachagua mambo mepesi, nichukue mfano mgumu kutoka maabara za utafiti: lizati ya seli. Neno hili linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kulegeza au kufungua, na Wafaransa husema lysat. Ni maji yanayopatikana baada ya kuzipasua seli, yakiwa na protini zilizokuwa ndani yake.

Virusi vya Ebola vina protini iitwayo VP40, ambayo ni nyingi kuliko protini nyingine zote katika chembe ya virusi hivyo. Baadhi ya vipimo vya haraka huitafuta protini hiyo. VP40 ikitengenezwa peke yake ndani ya seli za kawaida za maabara haiwezi kumwambukiza mtu Ebola, kwa kuwa virusi kamili havimo. Basi mtu anayetaka kukijaribu kipimo cha VP40 hukuza makundi mawili ya seli za aina moja katika chupa zenye chakula cha majimaji. Kundi la kwanza hupewa jeni ya VP40. Kundi la pili halipewi. Baada ya siku moja au mbili humwaga chakula, huziosha seli kwa maji baridi ya chumvi, huziweka juu ya barafu na kuzimwagia dawa yenye nguvu ya sabuni. Utando unaoizunguka seli umejengwa kwa mafuta, na sabuni huuvunja kama inavyong'oa mafuta kwenye sufuria. Seli hupasuka na vilivyomo hutoka.

Hapo ndipo hatari inapoanza. Ndani ya seli mna vimeng'enya vinavyokata protini, na sasa vimefunguliwa vyote kwa pamoja. Ndiyo maana kazi hufanyika juu ya barafu, na ndiyo maana huongezwa dawa za kuvizuia vimeng'enya hivyo. Kisha mchanganyiko huzungushwa kwa kasi kubwa katika mashine yenye ubaridi. Mashapo huzama chini, na maji ya juu huchotwa. Maji hayo ndiyo lizati. Fundi hupima kiasi cha protini kilichomo, huyagawa katika vichupa vidogo na kuvihifadhi katika ubaridi wa nyuzi 80 chini ya sifuri. Huyagawa kwa sababu kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara huharibu protini, hivyo kila kichupa hufunguliwa siku ya kazi yake tu.

Inatumikaje? Mwaka 1979 Harry Towbin na wenzake walieleza njia ambayo bado inatumika leo. Protini huchemshwa katika dawa inayozinyoosha, hutenganishwa ndani ya jeli kwa nguvu ya umeme kufuatana na ukubwa wake, huhamishiwa kwenye utando mwembamba, kisha kingamwili huitafuta protini moja tu kati ya hizo. Penye protini hiyo hutokea mstari. Lizati yenye VP40 lazima itoe mstari mahali pake. Lizati isiyo na VP40 lazima ikae kimya. Ya kwanza ikikosa mstari, hakuna "hapana" yoyote ya siku hiyo inayoweza kuaminika, kwa kuwa huenda kipimo ni kipofu. Ya pili ikitoa mstari, hakuna "ndiyo" inayoweza kuaminika, kwa kuwa kipimo kinaona visivyokuwepo. Kuna pia ulinzi wa tatu: protini ya kawaida kama aktini, inayopatikana katika seli zote, hutazamwa katika kila sampuli ili ijulikane kwamba zote zimewekwa kwa kiasi kinacholingana.

Nimeyaandika haya yote kwa Kiswahili cha kawaida, na istilahi za kisayansi za kukopa ni chache. Anayesema Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi ya namna hii aonyeshe ni sentensi gani imeshindwa.

Kitu kimoja nimekiacha makusudi, nacho ni jina la njia hiyo kwa Kiingereza, kwa sababu limejengwa juu ya utani. Edwin Southern alieleza kipimo cha DNA mwaka 1975, nacho kikaitwa kwa jina lake. Jina lake lina maana ya "wa kusini". Waliogundua vipimo vya jamaa hiyo baadaye wakacheza na dira: kimoja kikawa cha kaskazini, na hiki cha protini, mwaka 1981, kikawa cha magharibi. Mtafsiri asiyejua historia hiyo akiandika "kipimo cha magharibi" katika karatasi ya kugawa Beni, watu watasoma kwamba ni kipimo cha Wazungu. Katika mji ambamo wengi waliamini Ebola ni biashara ya wageni, neno hilo dogo lingefanya kazi kubwa ya ubaya. Tafsiri ya neno kwa neno ina gharama, na anayeilipa si mtafsiri.

Kutoka lizati hadi damu ya mgonjwa

Niwe mkweli kuhusu mipaka ya mfano wangu. Kipimo kikuu kilichotumika Beni na Butembo hakikutafuta protini. Mashine ya GeneXpert ilitafuta vipande vya jeni mbili za virusi, NP na GP, na ilitoa jibu lake katika muda usiofika saa mbili. Vipimo vya haraka vya protini navyo vilikuwepo. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba, yaani INRB ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, ilichunguza vitatu kati yake katika mlipuko huo, na hakuna hata kimoja kilichofikia kiwango cha kuwatambua wagonjwa ambacho Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekiweka.

Hata hivyo kanuni ni ileile. Kabla haijaingia katika mashine, damu huchanganywa na dawa ya kupasua, ambayo hukifungua kirusi na kukiua kwa wakati mmoja. Ndani ya kifaa kidogo kinachowekewa damu hiyo mna ulinzi wa aina mbili. Mmoja huangalia kama kweli kuna seli za binadamu katika sampuli, na mwingine huangalia kama kemikali zimefanya kazi. Kijiti cha kipimo cha haraka nacho kina mstari wake wa ulinzi, ambao wengi wetu tunaujua kutokana na vipimo vya malaria au vya Kovidi. Lakini mstari huo hauhakikishi mengi: unaonyesha kwamba maji yamepita na rangi imefanya kazi. Hauthibitishi kwamba kijiti kinaweza kuiona protini ya Ebola. Kwa hilo inahitajika sampuli ya pembeni yenye protini yenyewe, yaani ndugu wa ile lizati ya VP40.

Kuna jambo jingine ambalo watu walistahili kuelezwa. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa katika mlipuko huo, na chanjo yenyewe ilibeba jeni ya GP ya virusi vya Ebola. Kwa hiyo mtu aliyechanjwa karibuni anaweza kuonyesha GP katika kipimo bila kuonyesha NP. Mashine inayotafuta zote mbili ina njia ya kutofautisha chanjo na ugonjwa. Uvumi kwamba chanjo ndiyo inayoleta Ebola ungeweza kujibiwa kwa maelezo haya, kwa mtu yeyote mwenye dakika kumi na maneno yanayofaa. Dakika zilikuwepo.

Kontrole, kidhibiti au shahidi?

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Tuna wagombea watatu.

Wa kwanza ni "kontrole", neno la Kifaransa lililovaa sauti zetu. Kwa mtu wa Beni au Butembo, kontrole ni pale gari linaposimamishwa, vitambulisho vinapotolewa na, wakati wa Ebola, mikono inapooshwa na joto la mwili kupimwa. Anayefanya kontrole ndiye mwenye mamlaka, na anayefanyiwa ndiye mshukiwa. Kumwambia mwananchi kwamba damu ya mtoto wake "imepita na kontrole" ni kumpeleka kwenye kizuizi cha barabarani. Maana inageuka kichwa chini, kwa sababu katika maabara anayechunguzwa na ulinzi huo ni kipimo, si mgonjwa.

Wa pili ni "kidhibiti". Ni neno safi la Kiswahili sanifu, na sina ugomvi nalo katika vitabu vya shule. Lakini kudhibiti ni kutia mkononi, kuzuia, kutawala. Wakati wa Ebola kitenzi hiki kilikuwa na kazi nyingine tayari: kudhibiti ugonjwa, kudhibiti mipaka, kudhibiti umati. Sampuli ya témoin haizuii chochote. Inasimama na kusema inachokijua.

Wa tatu ni "shahidi", na huyu ndiye ninayempigia kura. Sababu ya kwanza ni kwamba mafundi wetu waliosoma kwa Kifaransa tayari wanasema témoin, yaani shahidi, hivyo neno halitawapotosha. Sababu ya pili ni kwamba shahidi anajulikana na kila mtu, kuanzia baraza la wazee, kupitia ndoa, hadi mahakamani. Sababu ya tatu ni ya sarufi: neno hili linakubali nyongeza kwa urahisi. Lizati yenye VP40 ni shahidi wa ndiyo. Lizati isiyo nayo ni shahidi wa hapana. Aktini ni shahidi wa kiasi. Na wote kwa pamoja ni mashahidi wa kipimo, si wa mgonjwa. Kiunganishi hicho kidogo cha "-a" kinabeba fundisho zima: wanashuhudia kuhusu kipimo.

Lizati je, nayo tuitafutie jina la Kiswahili? Mwanafunzi mwenzangu alipendekeza "mchuzi wa seli", tukacheka, lakini pendekezo lake si baya. Mimi ningeliacha "lizati" likae, na kando yake maelezo "maji ya seli zilizopasuliwa". Kanuni ninayopendekeza ni hii: majina ya vitu tunaweza kuyakopa, lakini majina ya kazi tuyatafsiri. Mwananchi hatakutana na lizati maishani mwake, kwa hiyo mkopo hautamdhuru. Lakini kazi ya lizati, yaani ushahidi, inagusa uamuzi wake wa kumpeleka mgonjwa kituoni au kumficha nyumbani.

Hapana zetu ni nyingi kuliko zao

Tatizo haliishii kwenye témoin. Majibu yenyewe yalisafiri vibaya. "Positif" katika masikio ya kawaida ni kitu kizuri, na "négatif" ni kitu kibaya. Kiswahili sanifu kinatupa "chanya" na "hasi", lakini mtu asiyesoma hesabu kwa Kiswahili hamjui chanya, na akisikia hasi, mfugaji atakumbuka dume lililohasiwa.

Kibaya zaidi, maneno hayo mawili huficha jibu la tatu. Mashahidi wa ndani wakishindwa, mashine haisemi ndiyo wala hapana. Inasema jibu ni batili: kipimo hakikuweza kusema kitu, na damu ichukuliwe upya. Familia iliyoambiwa kwa haraka kwamba "hakuna jibu" inaweza kuelewa "hakuna ugonjwa". Kisha wanaona watu wa riposte wakirudi na sindano nyingine, na wanauliza kwa haki: kama hakuna ugonjwa, mnataka nini tena?

Hapa lugha yetu ina utajiri ambao Kifaransa hakina, nasi hatukuutumia. Angalia sentensi tatu: "virusi havimo", "virusi havikuonekana", "virusi havijaonekana". Ya kwanza inakana kuwepo kwake. Ya pili inaeleza kilichotokea katika kipimo kile. Ya tatu inaeleza kilichotokea hadi sasa na kuuacha mlango wazi. Mtu anapoanza kuugua Ebola, inaweza kuchukua hadi siku tatu tangu dalili zianze ndipo virusi vifikie kiwango cha kuonekana katika damu. Ndiyo maana mwenye dalili aliyepata hapana ya kwanza hupimwa tena, kwa kawaida baada ya saa 48. Katika siku hizo mbili, neno sahihi la Kiswahili ni "havijaonekana". Kiambishi "-ja-" kinaeleza peke yake kile ambacho kwa Kifaransa kinahitaji maneno ya ziada. Kwa Kiswahili cha Kivu, ambamo viambishi hivi havitenganishwi kila mara kama katika vitabu, neno "bado" litaikamilisha kazi hiyo.

Sisi tunaosoma sintaksia tunajua kuchora mti wa ukanushi ubaoni. Mti huo ungeweza kusaidia mlangoni mwa kituo cha matibabu.

Pingamizi tatu

Wengine watasema: mafundi wamesoma kwa Kifaransa, ripoti huandikwa kwa Kifaransa, kwa nini tuwasumbue? Siwaombi wabadili ripoti. Naomba neno la kutumia fundi anapotoka nje na kukutana na baba wa mgonjwa. Mazungumzo hayo hayakuwahi kuwa ya Kifaransa. Yalikuwa ya Kiswahili au ya Kinande, yakiwa na matundu palipotakiwa kuwa na maneno.

Wengine watasema: watu hawahitaji undani, wanahitaji maelekezo mafupi. Ushahidi kutoka huku huku unakataa. Shirika la Translators without Borders lilichunguza suala la lugha katika mlipuko huo, na likakuta watu wakitaka maelezo ya kina, kwa lugha wanazozielewa. Tuna methali isemayo asiyejua maana haambiwi maana. Inafaa katika utani wa barazani. Katika afya ya umma ni sera mbaya.

Pingamizi la tatu ndilo ninaloliheshimu zaidi: shahidi anaweza kudanganya, na Beni na Butembo wamewaona mashahidi wa uongo wa kutosha. Ni kweli. Lakini shahidi wa maabara ana tofauti moja ambayo inapasa kuelezwa kila anapotajwa: jibu lake linajulikana kabla hajaulizwa. Haitwi ili atuambie jambo jipya. Anaitwa ili tuone kama mwulizaji anasikia vizuri. Mkulima mwenye pakiti ya chumvi hataona ugumu hapo.

Kazi iliyo mbele yetu

Naliona jambo moja la kusikitisha na la kutia moyo kwa pamoja. Jaribio kubwa la dawa za Ebola, lililoanza Novemba 2018 na kuendeshwa katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, liliitwa PALM. Herufi hizo zilitokana na maneno ya Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Jaribio hilo, lenye wagonjwa 681, ndilo lililoonyesha kwamba dawa mbili za kingamwili zinaokoa maisha, na mojawapo ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Jina la Kiswahili lilifika katika majarida makubwa ya tiba duniani. Kiswahili kiliruhusiwa kuwa bango la mlangoni. Hakikukaribishwa ndani, kwenye meza ya vichupa, ambako jibu linatengenezwa.

Napendekeza kwa kitivo chetu mambo matatu, yote ya gharama ndogo. Kwanza, tuwape wanafunzi wa istilahi kazi ya mwisho wa mwaka kuhusu maneno ya maabara, wakiyakusanya kwa mafundi wenyewe na si katika kamusi peke yake: shahidi wa ndiyo, shahidi wa hapana, jibu batili, kupasua, kurudia. Pili, kila neno lijaribiwe kwa wasikilizaji wa sokoni na wa kanisani kabla halijachapishwa. Asomewe mtu, aulizwe ameelewa nini, na jibu lake liandikwe kama alivyolisema. Tatu, Kinande kisiachwe nyuma ya Kiswahili. Kina kamusi nzuri ya Kambale Kavutirwaki na Philip Ngessimo Mutaka, kina wasemaji hai ndani ya madarasa yetu, na ndicho lugha ambayo bibi wa Butembo atautumia mwana wake akimwuliza daktari amesema nini. Neno la Kinande la shahidi wa kipimo lichaguliwe na Wanande, si litafsiriwe kutoka Kiswahili chetu.

Haraka ipo. Ebola ilirudi upande wa Butembo mwezi Februari 2021, ikarudi Beni mwezi Oktoba mwaka huohuo, na ikaonekana tena Beni mwezi Agosti 2022. Kila mara ilizimwa mapema, wagonjwa wakiwa wachache, na sehemu ya sababu ni kwamba maabara zilikuwa karibu na mafundi walikuwa wameshajua kazi. Vifaa vilibaki tayari baada ya mlipuko mkubwa. Maneno yanapaswa kubaki tayari vilevile, yamechapishwa na yamezoeleka, kabla mgonjwa mwingine hajafikishwa mlangoni na mama yake hajauliza ni nani anayekipima kipimo.